Somo la Kiraka: Nguo Iliyobaki, Kazi ya Mkono na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanadamu vazi la kusitiri tupu zao na la kujipamba, kisha akawajulisha kuwa vazi la uchaji ndilo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, darasa letu limepokea barua kutoka kwa dada zetu Waislamu wakaao Masara, katika kaunti ya Migori, kusini ya Nyanza, nchi ijulikanayo kwa machimbo ya dhahabu. Wao huko ni wachache, na jirani zao walio wengi ni Wajaluo wa dini ya Kikristo. Wanatuarifu kuwa hukutana siku mbili kila juma baada ya sala ya Alasiri, wakashona pamoja. Hawana mtaji wa kununulia nguo mpya. Kitambaa chao ni mabaki yanayoanguka chini ya cherehani za mafundi, na nguo za mitumba zilizochanika ambazo wauzaji wamezikatia tamaa. Katika hayo hutoa mikoba ya kwendea sokoni, foronya za mito, blanketi za vipande vipande na mazulia ya kutandika. Baadhi huuza, na baadhi huwagawia wazazi waliojifungua, wazee na majirani.

Lakini wamepata watu wa kuwavunja moyo. Mmoja amewaambia kuwa kazi hiyo ni ya waombaji na yawatia aibu Waislamu mbele ya watu. Mwingine amewaambia kuwa haijuzu kutoa sadaka ya matambara. Basi wakatuuliza masala matatu. La kwanza: mabaki ya kitambaa kwa fundi ni mali ya nani? La pili: kitu kilichotokana na nguo kuukuu, je, chafaa kutolewa hadiya au sadaka? La tatu: yafaa kumpa jirani asiyekuwa Mwislamu?

Tumeona kuwa jawabu ya maswali haya haiwahusu wao peke yao. Sisi wa mijini, wa Mombasa na Malindi na Lamu na Unguja, twaihitaji kuliko wao. Kwa hivyo tumeifanya kuwa somo la toleo hili.

KIRAKA KATIKA NYUMBA YA MTUME NA SAHABA ZAKE

Tuanze na neno la aibu, kwani ndilo linalowazuilia watu wengi.

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na katika mapokezi mengine akataja kuwa alikuwa akishona nguo yake na kuvitengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Anas bin Malik naye amesimulia, kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta, kwamba alimwona Sayyidna Umar, naye wakati huo ni Amiri wa Waislamu, ana viraka vitatu baina ya mabega yake, kimoja juu ya kingine. Mtu ambaye hazina za Uajemi na Sham zilikuwa zikimiminika mbele yake hakuona haya kusimama mbele ya watu na kiraka mgongoni. Basi ni nani miongoni mwetu aliye mtukufu kuliko Umar hata kiraka kimshushe?

Tena tazama kisa kilicho karibu zaidi na kazi ya dada zetu. Bwana Mtume alirejea kutoka safarini akakuta Bibi Aisha ametundika pazia lenye picha za viumbe. Akachukizwa nalo, akaliondoa. Bibi Aisha hakulitupa pazia lile. Alilikata, akalifanya mto mmoja au miwili, na Bwana Mtume akawa akiegemea. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wameitumia sana katika hukumu ya picha, na ni haki yao. Lakini ndani yake mna funzo jingine ambalo watu hulipita. Kitambaa ambacho hakikufaa kwa jambo moja kilifaa kwa jambo jingine, na mkono wa mama wa Waislamu ndio uliokitoa huko ukakileta huku.

Na binti mwingine wa Abubakar, Bibi Asma (R.A.), ndiye aliyeurarua mshipi wake wa kiunoni siku ya Hijra, mwaka 622, ili kufungia chakula na kiriba cha maji cha Bwana Mtume na baba yake, kwa kuwa hakupata kamba. Kwa kitambaa kile kilichoraruliwa amepewa jina analojulikana nalo mpaka leo, mwenye mishipi miwili. Mshipi mzima usingalimpa sifa hiyo.

KIRAKA KATIKA PWANI YETU

Wako watakaosema, hayo ni ya Madina, na sisi ni watu wa pwani, desturi yetu ni kuvaa vizuri. Twasema: kweli, na tuitazame hiyo desturi.

Mji wa Mogadishu, Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alikuta nguo zinazofumwa humo zikipelekwa mpaka Misri. Pate nayo ilisifika kwa nguo za hariri. Na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza habari za Waislamu wa Sofala, upande wa kusini wa pwani hii. Amesema kuwa walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Lakini kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutilia, walichukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Hivyo ndivyo walivyopata nguo za rangi, na kwa nguo hizo walifanya biashara kubwa na watu wa bara.

Qur'ani, katika Surat An-Nahl, imetupigia mfano wa mwanamke mpumbavu aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua ukawa nyuzi nyuzi, wala hakupata faida yoyote. Watu wa Sofala nao walifumua, bali wao walifumua ili wafume. Kuharibu na kutengeneza huanza kwa kitendo kimoja. Kinachotofautisha ni lile lifuatalo.

Na kanga yenyewe, ambayo hapana nyumba ya Mswahili isiyokuwa nayo, asili yake ni nini? Habari iliyopokewa ni kuwa katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, yaani vitambaa vya mkono vilivyoletwa na wafanyabiashara vikiwa katika jora, havijakatwa. Wakakata kipande cha leso tatu, na kipande kingine cha leso tatu, wakaviunga kwa sindano, ikapatikana nguo moja ya leso sita. Wenye maduka walipoona wanawake wanaipenda nguo hiyo, ndipo wakaagiza ipigwe chapa nzima nzima. Hata leo Mombasa na Lamu kanga huitwa leso. Basi fahari ya mavazi ya mama zetu ilianza kwa vipande vilivyoshonwa pamoja, na anayekicheka kipande kilichoungwa na kipande amecheka kanga ya nyanya yake.

Tena kanga hiyo ikizeeka wazee wetu hawakuitupa. Ilipokwisha kuvalika nje, ilivaliwa jikoni. Ilipochakaa, ilikuwa mbeleko na winda la mtoto. Ilipochanika, ilizungushwa ikawa kata ya kutilia kichwani chini ya mtungi. Mwisho wake ilikuwa kitambaa cha kufutia. Kila daraja ilikuwa na jina lake na kazi yake. Na huko Lamu mpaka zama hizi tanga la jahazi lililokwisha safari zake hukatwa likashonwa mikoba, na watu hununua kwa fedha nzuri.

MASALA LA KWANZA: MABAKI NI MALI YA NANI?

Dada zetu wameanza na swali hili, na wamefanya vyema, kwani kazi nzuri juu ya mali ya mtu mwingine si kazi nzuri.

Fahamu ewe msomaji kwamba kitambaa unachompelekea fundi ni amana mkononi mwake. Wewe umemwajiri kushona, hukumuuzia kitambaa. Ukimpelekea yadi nne, kanzu ikatoka katika yadi tatu na nusu, ile nusu iliyobaki ni yako, na wajibu wake ni kukurudishia pamoja na kanzu. Akiiweka kimya kimya amekula amana, ijapokuwa mtaa mzima wafanya hivyo. Wizi hauhalaliki kwa kuwa ni mdogo, wala kwa kuwa wenyewe hawauoni.

Lakini viko vipande vidogo, vya kwapa na vya shingo na vya pembeni, ambavyo mwenye nguo hana haja navyo na hata akipewa atavitupa. Hivi hukumu yake hurejea kwenye ada ya watu, kwani katika kanuni za sharia yetu ni kwamba ada hufanywa hakimu pale pasipokuwa na sharti. Mahali ambapo yajulikana na wote kuwa vipande hivyo huachiwa fundi, basi ni halali yake, naye aweza kumpa amtakaye.

Bora kuliko yote ni neno moja kusemwa mwanzo. Fundi apokeapo kitambaa na aulize: "Mabaki nikurudishie, au waniachia?" Neno hili halichukui nafasi ya pumzi mbili, nalo humtoa fundi katika shaka, na humpa mwenye nguo thawabu akiridhia mabaki yake yaende kwa washonao kwa ajili ya majirani. Na sisi tupelekao nguo kwa fundi tusingoje kuulizwa, tuseme wenyewe.

Ama nguo za mitumba, aliyezinunua kwa haki ni zake. Wengine huzionea shaka kwa kuwa hawajui nani alizivaa. Asili ya nguo ni utohara mpaka najisi ijulikane kwa yakini. Bwana Mtume katika safari ya Tabuk alivaa juba la Sham lenye mikono ya kubana, na Sham wakati huo haikuwa nchi ya Waislamu. Kuzifua kwanza ni usafi na ni jambo la kupendeza, bali kuziharamisha ni kujitia dhiki. Na ukikuta fedha au kitu cha thamani mfukoni mwa nguo ya mtumba, hicho hakikuwa katika biashara; kina hukumu ya kitu kilichookotwa, nayo ina mlango wake.

MASALA LA PILI: KITU GANI CHAFAA KUTOLEWA?

Hili ndilo kubwa katika matatu, na aliyewaambia dada zetu kuwa matambara hayatolewi sadaka ana sehemu ya haki katika neno lake, ijapokuwa hakulifikisha mwisho.

Katika Surat Al-Baqara Mwenyezi Mungu amewakataza waumini wasikusudie kibaya katika mali zao wakakitoa, hali ya kuwa wao wenyewe wasingalikipokea ila kwa kufumba macho. Sababu yake, kama alivyosimulia Al-Baraa bin Azib, ni kwamba watu wa Madina walikuwa wakitundika vishada vya tende msikitini wapate kula mafakiri wa Suffa. Baadhi ya watu wakawa wanaleta vishada vya tende mbovu, zilizokauka na kuvunjika. Ndipo aya ikateremka. Angalia, hawakulaumiwa kwa uchache. Walilaumiwa kwa kumtolea mwenzao kile ambacho nafsi zao zilikuwa zikikikataa.

Sasa tujipime. Mara nyingi twaona, penye mafuriko au moto, watu wakikusanya nguo za kuwapa walioharibikiwa. Humo hutoka shati lisilo vifungo, suruali iliyopasuka mapajani, kanga iliyobaki nyavu, viatu vya mguu mmoja. Mwenyewe aondoka amefurahi kuwa ametoa sadaka, kumbe amesafisha kabati. Mzigo uliokuwa kwake ameuhamishia kwa masikini, na masikini hana hata pa kuutupa. Hicho ndicho kishada cha tende mbovu.

Lakini upande wa pili, Bwana Mtume amewausia wanawake wa Kiislamu, kwa kuwataja wao hasa, jirani asidharau zawadi ya jirani yake ijapokuwa ni kwato ya mbuzi. Basi kitu kidogo kisidharauliwe, na kitu kibovu kisitolewe. Vipi mambo haya mawili yakutane?

Yanakutana katika kazi ya mkono. Tambara likitolewa kama lilivyo ni taka uliyomtwika mwenzio. Likifuliwa, likachaguliwa, likakatwa kwa kipimo, likashonwa kwa mshono madhubuti hata wewe mwenyewe ukapenda libaki nyumbani kwako, halikubakia tambara tena. Limekuwa mkoba, au mto, au blanketi. Thamani iliyokuwa imetoka katika nguo umeirejesha kwa jasho lako, na jasho lako ndilo unalompa jirani. Mizani ni ile ile ya aya: kama ungalipewa wewe, ungalikipokea bila kufumba macho? Ikiwa ndiyo, kitoe na ufurahi. Ikiwa siyo, kifumue ukishone tena, au ukitumie mwenyewe kufutia sakafu.

Na ushahidi wa jambo hili ni Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.). Bwana Mtume aliwajulisha wakeze kuwa atakayemfuata mwanzo katika wao ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono. Alipofariki Bibi Zaynab mwanzo, ndipo wakafahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa sadaka, kwani yeye alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake, akitengeneza ngozi na kushona, na akitoa sadaka kwa pato lake. Basi dada zetu wa Masara wasione kuwa wauzapo baadhi na kugawa baadhi wamepunguza thawabu. Hiyo ndiyo njia ya mama yao Zaynab.

Limebaki sharti moja. Kitu kikitolewa kisifuatiwe na masimango, kwani masimango huibatilisha sadaka. Haifai kumwita mama aliyejifungua mbele ya hadhara ili aonekane akipokea blanketi, wala kumpiga picha na kuieneza katika simu za watu. Mpelekee nyumbani kwake, kama jirani anavyopeleka sahani ya chakula.

MASALA LA TATU: JIRANI ASIYEKUWA MWISLAMU

Jawabu ni kwamba yafaa, bali ni katika haki za ujirani. Abdallah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza mara mbili kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa, kisha akataja jinsi Bwana Mtume alivyokuwa akiusiwa na Jibrili juu ya jirani. Na katika nguo hasa, Bwana Mtume alimpelekea Sayyidna Umar vazi la hariri. Umar akauliza vipi apewe kitu kisichojuzu kwake kuvaa. Akaambiwa kuwa hakupewa alivae, ila apate kuliuza au kumpa mtu. Umar akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, naye wakati huo hajasilimu. Je, iko hoja iliyo wazi zaidi ya hii?

Kwa hivyo mwanamke wa Kijaluo akijifungua jirani na wewe, mshonee mtoto wake kama unavyomshonea mtoto wa Mwislamu, wala usimpe kilicho duni kuliko cha mwenzake. Na wakitaka kuja kushona pamoja nanyi wakaribisheni. Watu huwajua Waislamu kwa mikono yao kabla ya kuwajua kwa maneno yao.

NAMNA YA KAZI YENYEWE

Dada zetu wana ujuzi wao, lakini kwa ajili ya wasomaji watakaopenda kuwafuata, twataja machache yaliyo ya lazima.

Kwanza ni kuchagua. Nguo za pamba na nguo za poliesta zisichanganywe ovyo. Poliesta hutokana na mafuta ya ardhini, ni jamaa moja na plastiki. Haifyonzi maji vyema, na moto ukiigusa huyeyuka ikaganda mwilini. Kwa hivyo haifai kwa kitambaa cha kushikia sufuria wala kwa winda la mtoto, bali yafaa kwa mkoba na zulia. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja ukauchome mbali na nguo: wa pamba huungua kama karatasi ukaacha jivu laini, na wa poliesta huyeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi.

Pili ni kufua kwa maji ya moto na sabuni, na kuanika juani hata ikauke kabisa. Kisha vifungo na zipu vitolewe viwekwe, kwani vitahitajiwa.

Tatu ni kukata. Kanga huchakaa mwanzo katikati, mahali pa kukalia, na mara nyingi pindo zake hubaki na nguvu. Basi pindo ndizo zifanywe mishikio ya mkoba, na katikati palipobaki pazima pawe mwili wake, ukikunja mara mbili. Kwa blanketi ya vipande, kata karatasi ngumu iwe kipimo, na kila kipande kikatwe juu ya kipimo hicho. Shona safu safu, kisha unga safu kwa safu. Piga bandi kwanza kabla ya mshono wenyewe, na ndani utie shuka kuukuu iwe bitana. Kwa zulia, kata tepe za upana wa vidole viwili au vitatu, zisuke tatu tatu, kisha uzizungushe na kuzishona ubavu kwa ubavu. Mwanamke wa pwani hana haja ya kufundishwa hili, kwani ndivyo ukili unavyosukwa na kushonwa ukawa mkeka. Vipande vidogo visivyofaa kitu vikatwekatwe vijaze mto, mahali pa usufi.

Na hapa twatanabahisha jambo. Ziko kanga zilizoandikwa jina la Mwenyezi Mungu au dua. Kipande chenye maandishi hayo kisifanywe zulia la kukanyagwa wala kitambaa cha kufutia uchafu. Kikatwe kitengwe, na kikichakaa kichomwe mahali safi. Kadhalika nguo yenye picha za viumbe na ikatwe, itumiwe kwa mfano wa mto wa Bibi Aisha, wala isitundikwe ukutani.

NA SISI WA MIJINI?

Twarudi sasa kwetu. Mwaka 2019 nchi ya Kenya iliingiza nguo za mitumba kiasi cha tani 185,000. Katika hizo watu wengi wamepata riziki, wauzaji na wachukuzi na mafundi, na masikini wamepata kujisitiri, hatuzilaumu. Lakini kila mtumba ufunguliwao humo hutoka nguo zisizouzika, na mwisho wake ni jaani au motoni. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa kuwa mifuko hiyo iliziba mitaro na kuua mifugo. Nasi tumeshukuru. Lakini shati la poliesta likitupwa mtaroni, je, mtaro utajua kuwa hilo ni shati, si mfuko?

Tena utazame harusi zetu. Kila harusi ina sare yake, na kila sare huvaliwa siku moja. Mwanamke mwenye jamaa wengi huweza kualikwa harusi sita kwa mwaka, akalazimika sare sita, na mumewe akope. Zile za harusi zilizopita zimelala sandukuni mpaka zikaliwa na mende. Mwenyezi Mungu amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na ubadhirifu si lazima uwe wa fedha nyingi. Kitambaa kizima kinachoozea sandukuni, hali jirani amlaza mtoto mchanga juu ya gunia, ni ubadhirifu.

Basi ushauri wetu ni mwepesi. Kila madrasa ya wanawake ichague siku moja ya juma baada ya Alasiri iwe ya kushona. Mafundi wa mtaa waombwe watenge mabaki waliyoachiwa kwa ridhaa ya wenyewe. Kila nyumba itoe sare moja iliyolala. Bibi zetu wajuao kushona kofia na kusuka ukili wawafundishe wasichana, kabla ujuzi huo haujazikwa pamoja nao. Na kila kitu kikimalizika kipitishwe kwa watu wawili wakiulizwa swali moja tu: ungalikipokea? Kikipita, kipelekwe kwanza kwa mlango ulio karibu zaidi, kwani hivyo ndivyo Bwana Mtume alivyomjibu Bibi Aisha alipomwuliza ampe nani zawadi katika jirani zake wawili.

Mapema tuanze, na tuanze na kidogo. Sindano moja na vipande kumi vyatosha kwa juma la kwanza.

Mwenyezi Mungu atuwafikie katika lenye kheri, aitakabali kazi ya mikono yetu, na atuvike vazi la uchaji. Amin.

Wabillahi tawfiq.